Dume Tuliyemchagua kwa Pembe

Mheshimiwa mgeni rasmi, wajumbe wa ushirika wetu wa wafugaji wa kondoo, wazee wetu, shemeji yangu daktari wa mifugo tunayekuaga leo unapostaafu, ndugu wageni waalikwa:

Hotuba niliyoandaa imebaki mfukoni. Nimepigwa na butwaa, na sioni aibu kulisema hilo mbele yenu.

Mnafahamu kwamba zawadi ya kumuaga shemeji ilikuwa Jenerali, dume wetu wa mbegu, ambaye angemchukua msimu wa kupandisha ukiisha. Nani hapa hajapiga picha naye? Kamati tulimchagua kwa pembe na kifua, na kila mara shemeji aliposema dume hapimwi kwa macho, hushikwa, mimi mwenyekiti nilimjibu, "Shemeji, huyo ukimshika utamuudhi." Tukacheka. Yeye hakucheka.

Asubuhi hii tumemleta amefungwa utepe. Shemeji, na gauni lake hilo jipya, akaweka mkoba chini, akachuchumaa nyuma ya zawadi yake, akapapasa korodani. Akapapasa tena. Kisha akanigeukia:

"Shemeji, hii moja imesinyaa, na hii nyingine ngumu kama jiwe. Maradhi ya zamani haya. Huyu hajazalisha kitambo."

Nikaruka. "Haiwezekani! Na wanakondoo wote wale zizini ni wa nani?"

"Watazame masikio."

Jamani, nilitazama. Yamekunjika, yote! Nani ana masikio ya namna ile kama si Kibeti, yule dume mfupi mwenye matege tuliyemkataa, aliyekuwa akiruka uzio kila mara nasi tukimfukuza kwa mawe? Muda wote huo tunampamba Jenerali, kumbe kazi anaifanya Kibeti!

"Basi mleteni Kibeti," nikasema, roho ikianza kutulia. "Daktari ampime sasa hivi, msimu wa kupandisha umefika."

Hakuna aliyenyanyuka. Mpishi akafuta mikono kwenye aproni, akasema taratibu, "Mwenyekiti, si wewe uliyesema jana achinjwe kwa ajili ya wageni?"

Ndugu zangu, majike wanasubiri, na dume hatuna. Shemeji, nakuomba mbele ya mgeni rasmi: kabla hujaenda kupumzika, zunguka nasi tutafute mwingine. Safari hii utapima wewe, mimi nitashika kamba na kufunga mdomo.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Karibuni mezani, nyama ipo ya kutosha. Mimi nitakunywa maji.