Kakule Kitsa Éliakim, Aliyeharakisha Mashini ya Kutafuta Watoto

Marehemu Kakule Kitsa Éliakim alizaliwa Manguredjipa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa mwinjilisti Ézéchiel na Mama Jokébed. Alisoma sekondari Butembo, kisha informatique, elimu ya kompyuta, Kisangani. Huko alijifunza Pascal, lugha ya programu ambayo hudai kila kitu kitajwe aina yake mbele ya kutumiwa. Ilipozeeka wenzake waliiacha. Yeye alirudi Butembo kuifundisha.

Tarehe 6 Julai 1991 alimwoa Tamar, wakakaa Mususa, mtaa wa Butembo, wakazaa Shekinah na Hénock.

Mwaka 2001 Shekinah alikuwa Manguredjipa kwa bibi yake. Watu wenye silaha waliingia, kila mtu akakimbilia porini. Bibi alifika Butembo peke yake.

Bureau moja, ofisi ya kanisa, ilikuwa ikikusanya majina ya watoto waliopotea na ya wazazi wao. Éliakim aliandika kwa Pascal programu ya kuyalinganisha, hata yaliyoandikwa vibaya. Lakini ordinateur, kompyuta ya bureau, ilikuwa ya zamani, na essence, mafuta ya groupe iliyotoa umeme, iliisha mbele ya kufika herufi S.

“Anzia na S basi,” Tamar alimwambia.

“Na bale ba mama bengine, nitabaambia nini?”

Akafungua compilateur yenyewe, ile inayogeuza Pascal kuwa amri za mashini. Aliona kwamba katika kila mzunguko amri hizo zinarudia hesabu ambazo majibu yake hayabadiliki. Akaifundisha compilateur kuzipanga zifanywe mara moja tu, mbele ya mzunguko kuanza. Aliharibu, akaanza upya, akaharibu tena. Mwishowe programu ilifika Z, groupe ikinguruma bado. Watoto wengi walirudi kwao.

Januari 2003 programu ikatoa: Shekinah, Bungulu, baba Éliakim. Kisukari kilikuwa kimemdhoofisha, lakini alipanda moto, pikipiki, hadi Bungulu, mtaa wa Beni. Msichana akatoka, akamtazama.

“Hapana papa yangu huyu.”

Éliakim aliketi chini. Kisha akamuuliza, “Papa yako ni Éliakim wa wapi?” Jibu la msichana akalipeleka kwa bureau, wamtafute baba huyo.

Barabara ya kurudi Butembo ilifungwa na vita nyuma yake. Insulini iliisha. Alifariki tarehe 9 Februari 2003, nyumbani kwa dada yake Florentine, hapa Bungulu.

Ameacha mama yake Jokébed, mjane Tamar na mwana Hénock, ambao hawakuweza kufika kumzika. Kwa phonie, redio ya mawasiliano, Tamar ameomba jina la Shekinah lisomwe pamoja na ya walio hai. Ana miaka kumi sasa. Anayemjua amwambie kwamba mama yake angali Mususa.

Bwana ampe Éliakim pumziko.