Bethwel Kipkurui na Maneno Matatu Chini ya Picha

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika kiwanda chetu cha chai, Bw. Bethwel Kipkurui anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025.

Aliajiriwa kama karani wa kupima majani katika kituo kimoja karibu na Litein. Kamera ya jarida letu alikabidhiwa baadaye, eti kwa sababu mkono wake hautetemeki. Sisi tuliowahi kubebwa kwa pikipiki yake tunalishangaa hilo mpaka leo.

Agosti 2003 alikosa picha ya ukurasa wa kwanza. Akafungua droo, akachomoa moja ya mwaka uliotangulia, akaandika chini yake: "Wakulima wakileta majani wiki hii." Mbele kabisa, kikapu mgongoni, alikuwa Mzee Seth akicheka. Siku mbili baadaye mjane wake, Mama Caren, aliingia ofisini akitoka Kimulot, jarida amelifunga kwenye leso.

"Huyu ni mzee wangu," akasema, "na tulimzika Machi. Wewe umempata wapi Agosti?"

Bethwel, ambaye hakosi la kusema hata matangani, siku hiyo alikuwa na neno moja tu. Aliomba msamaha, akaomba tena. Lakini Mama Caren alitaka zaidi ya pole. Hakuwa na picha hata moja ya mumewe akicheka, kwa hiyo aliitaka hiyo, na iandikwe ilipigwa lini. Bethwel akamchapishia kubwa, akaandika kwa mkono wake: "Picha ya maktaba, Oktoba 2002." Ingali ukutani kwa Mama Caren, juu ya redio.

Tangu hapo hakuna picha ya zamani iliyotoka kwake bila maneno hayo. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipochakaza chai yote ya Konoin, meneja wa wakati huo alitaka tuweke mashamba ya kijani ya mwaka uliopita, bila maelezo, wageni wanaokuja kununua chai wasife moyo. Bethwel aliweka kamera mezani, akasema atafutwe mtu mwingine. Tuliogopa kweli kwamba tumempoteza. Baada ya siku tatu meneja alikubali picha iandikwe ni ya maktaba, na wakulima, kwa kuwa hasara yao haikufichwa, wakamletea Bethwel mursik, maziwa yetu ya mgando, hadi akashindwa kula chakula cha mchana.

Picha iliyo hapo juu ilipigwa jana asubuhi na Janeffer, anayeirithi kamera. Bethwel mwenyewe alisisitiza tuandike hivyo. Mama Caren naye ameahidi kufika Ijumaa, na ameshaomba kiti cha mbele.

Asante, Bethwel. Ng'ombe wako wakupe maziwa na magoti yako yakupe amani. Kuanzia Jumatatu kila picha yako tuliyo nayo itakuwa ya maktaba, na hilo linatuuma. Uje mara kwa mara, tukupige mpya.