Kitambaa Kilichoitwa Uchafu

Mgeni rasmi,

KARIBU
Karibu chumba cha kufulia. Kila shuka uliyoiona wodini imepita mikononi mwetu, watu ishirini na wawili. Tuwie radhi kwa harufu ya rangi. Kuta zimepakwa jana kwa ajili yako.

TULIKOTOKA
Mwenzetu Mama Mkunjo ana miaka kumi na tisa kwenye pasi kubwa ya mvuke. Ndiye aliyetufundisha: ukiingiza mkono kunasua shuka, zima pasi, kisha funga kitambaa chekundu kwenye swichi. Maana yake mkono uko ndani, usiwashe.

MAFANIKIO
Miaka yote hiyo hakuna aliyeungua.

CHANGAMOTO
Neno hili tumeelekezwa tulitumie. Sisi tunasema dhuluma.

Wiki iliyopita, katika usafi wa kukupokea, msimamizi alikikuta kitambaa kimefungwa. "Nani kaacha uchafu huu hapa?" Akakifungua mwenyewe, akawasha. Mama Mkunjo alikuwa upande wa pili. "Zima! Mkono wangu, jamani!" Msimamizi akabaki ameduwaa mbele ya swichi. Tukaivunja pasi kwa mtaimbo, tukamtoa.

Ripoti ikaandikwa. Mkono ulioiva ni "tukio dogo". Kumwokoa ni "hujuma". Na yeye, ambaye vidole vitatu havikunjiki tena, ni "mtumishi mkaidi". Mgeni rasmi, asiyetujua akisoma hayo atamwona mhalifu kabla hajafika kwenye nukta. Kikao cha nidhamu ni keshokutwa, lakini maneno yameshamhukumu. Kilichobaki ni muhuri. Tunajua mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ila ngozi hii ni ya mkono wa mwenzetu!

Tulipokwenda kumjulia hali, aliuliza moja tu: "Kwani mimi nimekosa nini?" Tuliona aibu, tukarudi kuiandika risala hii. Leo hatunyamazi.

OMBI
Hatuombi feni wala sare mpya. Tunaomba ripoti iandikwe upya, bila pambo: msimamizi alifungua kitambaa, akawasha, mkono wa Mama Mkunjo ukaungua, wenzake wakauokoa. Mama Mkunjo akifukuzwa na neno "mkaidi" kwenye faili, nani atampa kazi, hata ya kukunja leso?

Mungu akupe macho ya kusoma na moyo wa kufuta. Kitambaa chenyewe tumekifunga hapo, kwenye kipaza sauti chako. Msimamizi ameshainuka aje akiondoe. Mwambie akae. Mkono wa Mama Mkunjo bado uko ndani.

Ni sisi,
Wafuaji na Wapiga Pasi, Zamu ya Asubuhi.