Ukuta Usioguswa

Benchi liliegemea ukuta wa kinyozi, likitazamana na nyumba ya mfano, na kuanzia saa sita jua pale halikuwa na huruma. Hapo ndipo Timazi alipokunywa kahawa kila mchana, ufunguo wa nyumba ile ukining'inia shingoni. Alikuwa fundi mwashi, na jina hilo la kamba ya kupimia unyoofu wa ukuta alilipata kwa kutovumilia kilichopinda. Hata mkia wa mbwa ulimkera. Nyumba aliijenga mwenyewe kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa bila kuchomwa, madirisha yakitazamana, upenu mpana, tangi la mvua pembeni. Ilijengwa ili mtaa ujifunze. Wenye mradi walimwambia wazi kwamba mwezi huu ukiisha bila hata kaya moja kuiga, mafunzo yatahamia mtaa mwingine. Zilibaki siku nne.

Ubishi ulikuwa uleule wa jana: kwa nini humo ndani kuna ubaridi.

— Chini ya sakafu kuna barafu, alisema Gia, dereva mstaafu wa lori. Mimi nimebeba samaki miaka kumi, barafu naijua.

— Barafu wapi? alisema Kamusi, kinyozi mwenye benchi. Ni upepo. Unaingia dirisha hili, ukitafuta la kutokea unapotea njia. Humo mna upepo wa miezi mitatu.

— Ndiyo maana alfajiri nyumba inavimba, alisema Gia. Nimeiona kwa macho yangu.

— Na tangi lile kazi bure, aliongeza Kamusi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

— Yale yamezoleka, alisema Timazi. Yametoka kwenye paa, yakapita kwenye mfereji, yamo tangini.

Kamusi alifikiri kidogo.

— Basi wahenga hawakuwa na mfereji.

Timazi alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Wabishe watakavyo, nyumba iliyokuwa midomoni mwao ni yake, na kifua kilimjaa.

Ndipo akafika mshonaji wa mtaa wa nyuma, futi yake ya kitambaa mabegani. Aliwaamkia shikamoo, wakaitikia wote. Akaeleza kuwa chumba chake cha kushonea kinachemka, bati tupu juu, nguo za wateja zinaloa jasho lake. Amesikia habari za nyumba hii. Je, wao wameionaje kwa ndani?

Gia alitazama kikombe. Kamusi alisema yeye alichungulia dirishani.

Mshonaji akavuka, akasoma karatasi mlangoni, mwandiko wa Timazi mwenyewe: VUA VIATU. USIGUSE UKUTA. USIEGEMEE. Akageuka.

— Baba, sasa tusipoigusa tutajifunzaje?

Kamusi aliinamisha birika, likatoa machicha tu.

Timazi aliona aibu. Kila asubuhi alikuwa akiufuta ule ukuta kwa kitambaa, na kwa miezi mitatu aliyeufaidi ni yeye peke yake. Akainuka, akavuka njia, akaibandua karatasi na kufungua mlango.

— Ingieni. Na viatu vyenu.

Waliingia wote. Gia alipiga goti, akaweka kiganja sakafuni akitafuta barafu yake. Mshonaji aliubandika mkono ukutani, akafumba macho. Alipouondoa, chaki ya bluu ya kukatia nguo ilibaki palepale, vidole vyote vitano.

— Yangu ishajengwa, baba, na kuibomoa siwezi. Naanzia wapi?

— Hubomoi kitu. Tunaweka dari, halafu tunatoboa dirisha la pili ukuta wa nyuma. Kesho asubuhi nakuja kupima.

— Na mimi upite kwangu, alisema Gia kutoka chini. Nimeshaona hakuna barafu.

Mkono wa Timazi ulikuwa umeshaingia mfukoni, umeshika kitambaa cha kufutia. Aliutoa mtupu. Kile kiganja cha bluu kilibaki ukutani, kimekaa upande kabisa, na yeye akakitazama kwa fahari kubwa kuliko tofali lolote alilowahi kulinyoosha.