Vikapu vya Siku ya Kura

Mwaka ule wa 1885, sheria mpya ilipowapa kura hata wachimba makaa ya mawe wa nje ya mji, nilikuwa kwenye tramu ya farasi ikitoka mjini Oldham, Uingereza. Mchimbaji mmoja kijana, kofia mpya kichwani, alikaa karibu na Bi Hepzibah wa mtaani kwetu.

"Utampigia nani, mwanangu?"

"Hiyo siri yangu, mama."

"Siri, ati. Zamani, kabla kura haijawa ya siri, mwenye bucha alipanda jukwaani akamtaja mgombea wake mbele ya mji mzima. Sisi wanawake hatukuwa na kura, lakini tulisimama pale na vikapu vyetu. Akimtaja mtu wa matajiri, hatununui kwake, nyama inamwozea dukani."

"Sasa si mlikuwa mnamtisha?"

"Na matajiri walikuwa wanambembeleza? Leo mnajificha kwenye kibanda cha kura. Ukitusaliti, nani atajua?"

"Bosi naye hatajua, mama."

Mimi kura ninayo miaka mingi, na wakubwa hawajanisikia hata siku moja. Marehemu mke wangu hakuwa nayo, ila akipita na kikapu chake, mwenye bucha alitoka nje kumwamkia.

Farasi wakasimama mbele ya shule iliyofanywa kituo cha kura.

"Basi ukitoka nikonyeze tu," Bibi akasema.

Kijana akashusha kofia hadi machoni, akateremka.