Kikapu cha Iteka Kiko Wapi?

Ni nani aliyegusa vikapu vya batoto? Msiangaliane. Nawauliza ninyi bamama mliokaa mbele na vitenge vipya. Jana jioni niliacha vikapu vimepinda juu ya meza hii, leo asubuhi nimekuta vyote vimenyooka kama vya dukani. Tangu lini kikapu kinalala kimepinda kikaamka kimenyooka?

Sasa nasalimia. Mheshimiwa Mama Benedicte, uliyetoka Lilongwe, Area 18, kuja kutufungulia chumba hiki kipya cha batoto kusukia, Mwenyekiti wetu Papa Balagizi, Mchungaji Noël, ndugu wageni waalikwa, bazazi, na ninyi batoto, ambao njo ninyi wenye sherehe ingawa mmekalishwa nyuma: zikomo, asanteni kwa kuja. Mi naitwa Bibi Vénérande. Shule niliiacha kabla haijanizoea, lakini kusuka nasuka, na hapa kambini Dzaleka sijamwona wa kunifundisha.

Mheshimiwa, kwetu Burundi kikapu kinaanzia kitako. Unazungusha majani, unayafunga kwa uzi, mzunguko juu ya mzunguko, hadi mfuniko. Hapa majani yale hatuna. Batoto banatumia maganda ya mahindi, na nyuzi banazifumua kwenye mifuko iliyochoka. Kinatoka kimepinda, mfuniko unakataa kukaa. Ndiyo, halafu? Mtoto akianza kutembea, wewe mama unatembea kwa niaba yake?

Hiki hapa kimeandikwa Iteka. Kizuri sana, na si chake. Iteka anasuka kwa mkono wa kushoto, mizunguko yake inakwenda kinyume na ya wenzake wote. Hiki kinakwenda kama changu. Nikamwuliza mama yake, Goreth, asubuhi hapa hapa.

“Bibi, mgeni ataona mtoto wangu anatumia kushoto. Bantu batasema sikumlea.”

“Chake umekifumua?”

“Hapana, Bibi. Kiko chini ya kitanda. Alilia, nikamwambia anyamaze, hiki kingine nilichosuka mimi kinapendeza zaidi.”

Kinampendeza nani, Goreth?

Sisemi wewe ni mama mbaya. Unatoka sokoni Mponela na mzigo wa mahindi kichwani, na mtoto wako hajawahi kuja kwangu mchafu. Na kweli, kumpa mtu kitu kwa kushoto kwetu ni aibu, hata mi nawakataza batoto. Lakini kusuka ni kumpa nani? Mtoto huyu alikuja barazani kwangu mkono umefungwa kitambaa, ati ajifunze kuume. Sindano alikuwa anaishika kama kaa la moto. Nikakifungua kile kitambaa. Badala ya kukaa kando yake kama ninavyokaa na wengine, nikakaa mbele yake, uso kwa uso, aniangalie kama anavyojiangalia kwenye kioo. Siku ile ile akazungusha kitako chake cha kwanza. Akacheka, na mi nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake.

Leo mnamwona? Yule pale kwenye kona ya ukuta, mikono ameisukumia kwapani, hataki kusogea. Chumba bado hatujakifungua, mtoto tumeshamfunga tena. Mama Benedicte ametoka mjini kuona kazi ya batoto, ninyi mnamwonyesha kazi ya bamama zao! Kama bamama njo banataka darasa, baje Jumamosi, bakae chini, niwafundishe. Wengine mnahitaji.

Papa Balagizi, kwa chumba nashukuru, paa la baraza yangu lilikuwa limetuchosha tangu 2011. Mchungaji, sindano zimefika, Mungu akuone. Nanyi wote mlionisikiliza asanteni, hata mlionuna.

Sasa Mama Benedicte, mkasi uweke chini kwanza, utepe hautakimbia. Goreth, simama. Nenda nyumbani ukakitoe kile kikapu chini ya kitanda, na bamama wengine mfuateni, kila mmoja alete cha mtoto wake. Kikifika, Goreth, mpe Iteka mwenyewe akiweke hapa mezani, mbele ya mgeni, kwa mkono anaoutaka yeye. Iteka, toa mikono kwapani, mtangulie mama.

Haya, nendeni!