Paka Aliyeogopa Sakafu

Marehemu, mdogo wangu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, kitinda mimba wa mama yetu, na alikuja duniani ametanguliza miguu. Mkunga alimwambia mama, "Huyu hutamweka nyumbani." Nilikuwa na miaka sita, nimeambiwa nikae nje nisichungulie. Nilichungulia. Haya nayasema kwa mdomo, anayeandika ni binti yake, na nimemkataza kuninyooshea maneno.

Shule alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1968. Siku ya mtihani mvua ilivuja juu ya karatasi yake. Alitoka, akapanda, na mwalimu mkuu akamkuta juu ya bati anatafuta tundu. Viboko alikula, lakini tundu lilizibwa. Wenzake wakamwita Paka, na wengi wenu hapa jina lake jingine hamlijui.

Kazi yake ilikuwa kuezeka, tangu 1970 mpaka mwaka huu. Alitembea kwenye mgongo wa paa kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Hata ile wodi aliyolazwa, paa lake alipiga misumari yeye. Na juu hakuwahi kuanguka. Mkisikia watu wanasema Paka alianguka kazini, wakataeni.

Alioa tarehe 14 Desemba 1985. Alikuwa anaezeka kwa baba mkwe, akamwona wifi yangu uani anaanika nguo. Kazi ya siku mbili ikachukua wiki. Baba mkwe akamwuliza, "Fundi, huo msumari mmoja utaupiga mpaka lini?" Akajibu, "Mpaka unipe jibu, mzee." Waliishi vizuri. Wifi alimpenda. Hilo sitalikana, ingawa leo sina la kumsifia zaidi ya hilo.

Tarehe 11 Februari mwaka huu Paka alipanda stuli ya jikoni kubadilisha balbu. Stuli! Ikateleza, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akawekwa chuma, akarudi nyumbani na magongo. Alipopigwa picha tena, daktari aliishika dirishani akasema, "Mzee, mfupa umeunga kuliko wa kijana. Sasa kanyaga."

"Daktari, mguu huu siujui tena," Paka akamjibu.

Mimi nilicheka. Nilidhani anatania.

Hakuwa anatania. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye sakafu ya chumba chake ilikuwa nyoka mzima. Binti wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali alikuja kila wiki, anamshika kiunoni, anamwambia, "Babu, hatua moja tu." Paka anatokwa jasho mpaka shati linaganda mgongoni. Mtu aliyekuwa anakula chakula chake cha mchana ameketi ukingoni mwa paa la ghorofa, miguu inaning'inia!

Na wageni nao. Jirani wa mlango wa pili, yule mwalimu mstaafu, alikaa kwenye kiti chetu, akanywa chai yetu, akasema, "Mjomba wangu naye alianza na nyonga hivihivi. Mwezi haukuisha." Najua upo hapa, mwalimu. Pole zako sizitaki. Kila aliyeingia alikuja na maiti wake mkononi kama zawadi. Wakishaondoka, Paka anajifunika hadi kidevuni na kuniuliza, "Dada, na huyo mjomba wake alikuwa na umri gani?"

Mwezi wa tano mvua kubwa ilipiga mchana. Nilikuwa naye chumbani, nimeshika ndoo, maji yanadondoka pembeni ya kitanda. Paka akakodoa macho juu. Akatupa shuka, akasimama. Hakushika gongo, hakunishika mimi. Akavuka chumba mpaka ukutani, akainua shingo, akauliza kwa sauti yake ya zamani, "Hilo bati limepigwa na nani? Fundi gani huyu mshenzi?"

Niliogopa hata kuweka ndoo chini isije ikalia.

Ndipo wifi alipofungua mlango. "Mungu wangu! Utaanguka!"

Paka akaitazama miguu yake. Nilimwona akiitazama, kama mtu aliyeamshwa juu ya mti. Magoti yakaanza kutetemeka, tukamburuta kitandani wawili. Hakusimama tena. Na wifi, kwa mapenzi yake, akayachukua magongo akayaficha nyuma ya kabati ili asije akashawishika. Nilimwambia, "Wifi, unamzika." Akanijibu, "Dada, wewe huna huruma." Ni kweli sina. Huruma yenyewe nimeona ilivyofanya kazi.

Tarehe 10 Julai mwanawe, ambaye naye ni mwezekaji, alipanda peke yake, kwa sababu aliyezoea kumshikia ngazi alikuwa kitandani anashikwa yeye. Ngazi ikahama. Kijana akavunjika mguu. Paka alipoambiwa, aligeukia ukuta. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Agosti, pumzi ikamkatika. Hospitali waliandika kwamba damu iliganda mguuni kwa kulala muda mrefu, ikapanda mapafuni. Hofu hawakuiandika. Sijui kama wana mahali pa kuiandika.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Kijana ametoka hospitali Jumanne. Ana chuma ndani ya mfupa, na daktari amemwambia aanze kukanyaga. Wamemlaza wapi? Kitanda cha baba yake. Godoro lile lina shimo la mgongo wa marehemu, na yeye amelala humo, limemkaa sawasawa. Juzi nilipita mlangoni, nikasikia wifi anasema, "Tulia, baba, usijisumbue." Maneno yaleyale aliyokuwa akimwambia marehemu, sauti ileile. Kijana akauliza, "Mama, na nikianguka?" Nilishika ukuta. Mimi niliyezika mume na wazazi bila kuyumba, nilishika ukuta. Nimeogopa tangu hapo, na hata sasa mkiona karatasi inatikisika mkononi mwangu msidhani ni uzee.

Marehemu ameacha mjane mmoja, binti mmoja fundi cherehani, mwana mmoja mwezekaji, wajukuu wanne, na dada mmoja, ambaye hajamsamehe mtu.

Mwanangu, wewe uliyekaa kwenye kiti cha magurudumu hapo mbele. Nimemaliza wasifu wa baba yako, sasa nisikilize shangazi yako. Magongo ya baba yako niliyatoa nyuma ya kabati jana, nikayafuta vumbi. Yameegemea kiti changu. Binti wa mazoezi nimemwita mimi, ndiye aliyesimama nyuma yako. Breki ya kiti imefungwa. Utasimama, umuage mzazi wako kwa miguu, kama alivyokuja yeye. Miguu itatetemeka. Iache itetemeke, hata yangu inatetemeka na haijavunjika. Ukianguka utaangukia nyasi, tutakuinua, utasimama tena. Mama yako atapiga kelele. Wewe tazama juu, kama baba yako siku ile ya mvua, na safari hii mlango nimeukalia mimi.

Paka, mdogo wangu, pumzika kwa amani, umechoka kuogopa.

Wewe, kijana, usipumzike. Inuka.